Bibi Katekista Anajibu: Kitenge cha Dorothy Day

BARUA KUTOKA BAGAMOYO

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Bibi.

Sisi ni akina mama wa jumuiya moja hapa Bagamoyo. Kila Jumamosi tunapika uji na kuupeleka hospitali, kwa wagonjwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula. Mwaka jana sista mmoja aliyekuja kupumzika huku alitusimulia habari za Dorothy Day wa Marekani, mlei kama sisi, aliyefungua nyumba za kulisha maskini. Tukampenda. Tukaanza kusali ili atangazwe mtakatifu, na tukachangishana fedha za vitenge vyenye picha yake, tuvivae siku ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wetu.

Sasa kumezuka mzozo. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari, kasoma kwenye simu kwamba huyo mama aliwahi kutoa mimba, kisha akaishi kinyumba na mwanamume na kuzaa naye bila ndoa. Anasema hawezi kuvaa kifuani picha ya mtu wa namna hiyo. Mwenyekiti kaamuru habari hizo zisitajwe tena, eti zinaharibu mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Mwingine anauliza kwa nini tuhangaike na Mmarekani wakati Mwalimu Nyerere wetu bado. Na yupo aliyebandika picha ya Dorothy ukutani kanisani, chini ya Mtakatifu Yosefu. Paroko akaibandua, na yeye kanuna hadi leo. Fedha ziko kwa mweka hazina na kila mtu ana lake. Tufanyeje?

Mama wa Uji, Bagamoyo

BIBI ANAJIBU

Milele amina, na marahaba wanangu. Barua yenu imenifikia ikiwa na doa la uji kwenye pembe, nikajua hawa ni wapishi kweli, si wapiga porojo.

Nianze na mwalimu, maana yeye ndiye aliyesoma. Alichokisoma ni kweli, msimzibe mdomo. Dorothy Day alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 8 Novemba 1897, kwa wazazi ambao kanisani hawakuwa watu wa kuonekana. Ujanani akawa mwandishi wa magazeti ya wajamaa, mtu wa maandamano, mtu wa kukesha vilabuni na washairi. Akampenda mwanamume, akapata mimba, akaitoa kwa kuogopa kuachwa. Akaachwa vilevile.

Baadaye akaishi kinyumba na Forster Batterham, kwenye kibanda cha ufukweni huko Staten Island. Huyo alikuwa mtu wa kupenda bahari na viumbe vyake, lakini hakutaka kusikia habari za ndoa wala za Mungu. Mwezi Machi 1926 Dorothy akajifungua binti, Tamar. Alikwisha kujiambia kwamba hatazaa tena, kwa hiyo furaha ya mtoto yule ilimzidi, akawa hajui amshukuru nani. Ndipo akaanza kwenda kanisani. Tamar alibatizwa Julai 1927. Mama mtu akajua kwamba siku naye akibatizwa nyumba imevunjika, kwa sababu bwana hafungi ndoa na Kanisa haliwezi kumpokea anayeishi vile. Akabatizwa tarehe 28 Desemba 1927. Nyumba ikavunjika, naye bado anampenda yule bwana.

Kwa hiyo mwalimu wangu, ulichokipata kwenye simu ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba alilipa.

Mwenyekiti, nakuheshimu, najua kazi ya kuongoza akina mama wengi wenye sufuria moja. Lakini kwa hili nitakupinga mbele ya wenzako. Unadhani Roma hawajui? Mwaka 1997, ilipotimia miaka mia tangu Dorothy azaliwe, Kardinali John O'Connor, Askofu Mkuu wa New York, ndiye aliyelisimamisha jambo hili hadharani. Ile mimba hakuificha. Aliitaja mwenyewe, akasema angependa wanawake waliopita njia hiyo wamfahamu Dorothy. Mwezi Machi 2000 Roma ikatoa kibali, akaanza kuitwa Mtumishi wa Mungu. Papa Benedikto XVI alimtaja siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 13 Februari 2013, siku mbili tu baada ya kutangaza kwamba anang'atuka. Alimtaja kama mfano wa mtu aliyeongoka, na maisha yake ya zamani hakuyaruka. Basi mapapa wanayasema, na sisi huku Bagamoyo tunayafunika kwa kawa?

Na uelewe mchakato unavyokwenda. Jimbo linapoufungua, askofu hutangaza kwa waamini wote: mwenye habari ya kumsaidia mtumishi huyu alete, na mwenye habari ya kumpinga naye alete. Yupo ofisa anayeitwa mhamasishaji wa haki, kazi yake ni kuhakikisha kila swali gumu limeulizwa na kila shahidi amebanwa sawasawa. Maandishi yote ya mhusika yanakusanywa, yaliyochapwa na yasiyochapwa. Dorothy aliandika riwaya iliyotoka mwaka 1924, kabla hajawa Mkatoliki, na mambo ya ujana wake yamo humo. Imesomwa. Kwa hiyo anayeficha haokoi kitu, anajitia tu kwenye kundi la mashahidi wasioaminika.

Lipo jambo moja hapa linanigusa pande mbili. Dorothy alipoandika tena maisha yake, kwenye kitabu kilichotoka 1952, ile mimba hakuitaja. Simlaumu. Mwanamke hadaiwi kuanika tumbo lake sokoni, Kanisa lina kiti cha kitubio kwa kazi hiyo. Alinyamaza kwa ajili yake mwenyewe, na hiyo ni haki yake. Ninyi mnanyamaza kwa ajili ya sifa ya kikundi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Nimefundisha katekisimu hapa Tanga tangu nina meno yote. Kila parokia niliyopita nimemwona yule mama wa benchi la nyuma. Wenzake wakipanga foleni ya Komunyo, yeye anainama kumfunga mjukuu kamba za viatu. Kamba zimefungwa tayari. Anazifungua, anazifunga upya, hadi foleni iishe. Miaka inapita hivyo. Wengine walidhani dhambi ya kutoa mimba ni ya kupelekwa kwa askofu, au kwamba padre wa kawaida atawafukuza. Tangu Novemba 2016, baada ya Mwaka wa Huruma, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote duniani ruhusa ya kuiondolea, bila kumpeleka mtu kokote. Kwenye hicho kikundi chenu cha uji, mimi sijui, lakini mama wa namna hiyo huenda yupo, na alikuwa anasikiliza siku mwalimu aliposema "mtu wa namna hiyo". Mwambieni mwalimu arudie hadithi yote mbele ya kikundi, kuanzia kibanda cha ufukweni mpaka ubatizo. Yeye ni mwalimu, ataiweza kuliko sista.

Sasa tuje kwa Mwalimu Nyerere. Swali la "kwa nini Mmarekani" lina haki yake, ila halina ushindani ndani yake. Mbinguni hakuna ukomo wa viti. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943 akiwa kijana mtu mzima, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mchakato wake ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma, na tangu 2005 naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wote wawili ni walei, wote wawili waliitwa majina mabaya na watu wa dini yao wenyewe kwa sababu ya kusema maskini asinyang'anywe. Na kuna kitu sista labda hakuwaambia: mwaka 1970, katika safari ndefu iliyomfikisha pia kwa Mama Teresa huko Kalkuta, Dorothy alipita hapa Tanzania. Alivutiwa na habari za ujamaa wetu. Kwa hiyo huyu si mgeni kiasi hicho.

Ila kwa Mwalimu nitasema lilelile nililomwambia mwenyekiti. Wapo wazee waliopakiwa kwenye malori wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba zao zikabaki nyuma. Wapo waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Wapo pia wanaokumbuka alivyokuwa akihudhuria Misa kila siku, na alivyotoka Ikulu bila utajiri. Yote hayo ni ushahidi. Anayempenda Mwalimu asiogope wale wazee wakisema.

Paroko wenu hakukosea hata kidogo, na aliyenuna anunue, maana yake aache kununa. Tangu karne ya 17, enzi za Papa Urbano VIII, Kanisa limekataza mtu ambaye halijamtangaza kupewa heshima ya hadharani. Picha yake haiwekwi altareni wala mahali pa kusalia kanisani. Hachorwi na duara la mwanga kichwani. Haitwi mtakatifu kwenye litania, wala jumuiya haimfanyi somo wake. Na si adabu tu. Katika mchakato wenyewe hukaguliwa kama watu wamekwisha kumtolea ibada kabla ya wakati, na wakikuta hivyo inakuwa kikwazo. Yaani mwenzenu, kwa mapenzi yake na gundi yake, alikuwa anamchelewesha.

Ruksa ni sala ya binafsi. Iko sala iliyoandaliwa kwa ajili yake, mnaweza kuisali nyumbani, hata mkiwa wengi sebuleni kwa mtu. Kadi yake kaeni nayo kwenye kitabu cha nyimbo, ukutani kwako chumbani, kwenye mkoba. Mkitaka kusali hadharani, nendeni kwenye Groto ya Bikira Maria pale misheni, msali rozari hadi jua lizame, na Dorothy mumtaje moyoni.

Kitenge, sasa. Hakuna sheria ya Kanisa inayokataza kuvaa picha ya marehemu. Tunavaa fulana zenye picha za marehemu wetu kila arobaini. Lakini msiandike "Mtakatifu Dorothy", andikeni "Mtumishi wa Mungu". Msivae kama sare ya somo siku ile ile ya somo wa parokia, mtawachanganya watoto. Na picha ina mwenyewe: mpiga picha au warithi wake wana haki zao, kiwanda cha khanga hakiwezi kuichukua hivihivi kwa sababu ninyi mna nia njema.

Mimi mwenyewe nina picha moja ya Dorothy ninayoipenda kuliko zote. Ni ya mwaka 1973, California, kwenye mgomo wa wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu waliokuwa na kiongozi wao César Chávez. Ana miaka 75. Amekaa kwenye kiti kidogo cha kukunja, kavaa kofia pana ya jua, mikono imetulia. Mbele yake, kulia na kushoto, wamesimama askari wawili, na kwenye picha hawana vichwa: unaona viuno tu, mikanda, bastola na rungu. Katikati ya ile mikanda, uso wa bibi kizee anawatazama kama wajukuu waliochelewa kurudi shule. Walimkamata, akalala ndani zaidi ya wiki. Alipotoka alitoka na gauni la gerezani, ambalo wanawake waliofungwa naye walikuwa wamelijaza sahihi za majina yao. Gauni hilo alilithamini, na limetunzwa hadi leo kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Marquette huko Marekani, pamoja na karatasi zake.

Baba yangu alikuja Tanga kama manamba, akakata mkonge. Najua jembe na panga la shamba la mwenyewe linavyomzeesha mtu, na najua hakuna bibi wa mjini aliyekuja kukaa na kiti chake mbele ya geti la shamba lile kwa ajili ya baba. Ndiyo maana picha ile siipiti. Na ukiniuliza mimi, vazi la Dorothy ni lile lenye majina ya wengine, si lenye sura yake.

Kuhusu fedha: New York ndiyo yenye mchakato huu, na kipo chama cha waamini kinachousaidia, Dorothy Day Guild. Hatua ya jimbo ilifungwa tarehe 8 Desemba 2021 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick. Masanduku ya karatasi yakafungwa kwa utepe na lakiri, yakapelekwa Roma. Gharama zipo, za watafiti, za wafasiri, za uchapaji. Mkitaka kuchangia, mpitie kwa paroko na ofisi ya jimbo, mpate risiti. Msitume shilingi kwa namba ya simu ya mtu yeyote anayejiita wakala wa watakatifu, hata akiwa na picha ya Papa kwenye wasifu wake. Tena mjue kwamba hata ndani ya harakati aliyoianzisha, ya nyumba za kulisha maskini, wapo waliopinga, wakisema fedha ya mchakato ingekuwa supu. Sidhani wamekosea kabisa. Yeye mwenyewe hunukuliwa akisema asiitwe mtakatifu, kwa kuwa hakutaka kuwekwa kando kirahisi namna hiyo.

Nikiwa mweka hazina wenu ningenunua sufuria kubwa ya pili na magunia ya unga, na kiasi kilichobaki ningechapisha historia yake fupi kwa Kiswahili, kurasa nne, yenye mimba na ubatizo na gauni la gerezani. Lakini mimi si mweka hazina wenu. Pigeni kura.

BARUA KUTOKA MUHEZA

Bibi, mimi ni mchuuzi wa machungwa. Dada yangu aliugua sana, madaktari wakatuambia tujiandae. Nikamwomba Dorothy Day, na Mtakatifu Rita, na Mwalimu, na Bakhita. Dada amepona. Je, huo si muujiza? Niandike wapi?

BIBI ANAJIBU

Mshukuru Mungu kwanza, na dada yako mpe machungwa bora kuliko unayouza.

Ila kwa Roma una tatizo, mwanangu: umewaita wote wanne. Wakikuuliza nani kaitika, utasema nani? Kwa mchakato lazima ijulikane wazi kwamba aliyeombwa ni huyu mmoja. Rita na Bakhita walikwisha kutangazwa, Bakhita tangu tarehe 1 Oktoba 2000, hawahitaji muujiza mwingine. Wanaohitaji ni hao wawili wa kwako wengine, na umewachanganya.

Pili, madaktari. Uponyaji unaoletwa Roma huchunguzwa kwanza na jopo la madaktari, wala hawaulizwi kama ni muujiza. Wanaulizwa kama ugonjwa ulikuwa mzito kweli, kama kupona kulikuwa kwa ghafla, kamili na kwa kudumu, na kama sayansi ina maelezo. Kama dada alipewa dawa zinazotibu ugonjwa ule, jibu ni kwamba dawa zimefanya kazi, na Mungu anashukuriwa kwa dawa pia. Wakiridhika ndipo wanateolojia wanaangalia sala. Kwa hiyo tunza faili: majibu ya maabara ya kabla na ya baada, picha za eksirei, karatasi za kulazwa na za kuruhusiwa. Wengi wetu tukitoka hospitali tunafungia vitumbua karatasi hizo. Andika pia, kwa mkono wako, tarehe uliyoanza kusali, ulisali nini, nani alikusikia. Weka sahihi, peleka nakala kwa paroko. Hata kama si muujiza, ni ushahidi kwamba watu wanamkimbilia, na huo nao unahesabiwa.

Ngazi ziko hivi: sasa wataalamu wa Roma wanapima kama Dorothy aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Papa akikubali, anaitwa Mheshimiwa. Muujiza mmoja, Mwenyeheri. Wa pili, Mtakatifu. Mfiadini ndiye husamehewa ule wa kwanza. Mfano ni Floribert Bwana Chui wa Goma, mlei, kijana msomi wa kazi ya ukaguzi wa bidhaa, aliyekataa rushwa ili chakula kibovu kisipite mpakani kwenda kuliwa na watu. Waliomshawishi walimuua mwaka 2007. Alitangazwa Mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Nilifurahi siku hiyo mpaka nikachoma ubwabwa. Mtu aliyekufa kwa ajili ya magunia ya mchele! Kila anayekaa kwenye mizani bandarini hapa Tanga angepaswa kujua jina lake.

BARUA KUTOKA NGAMIANI, TANGA

Bibi, huyo mama yako alikuwa mkomunisti. Nimeona hata FBI, wapelelezi wa Marekani, walikuwa na faili lake. Kanisa linaelekea wapi?

Mzee Asiyependa Mchezo

BIBI ANAJIBU

Faili walikuwa nalo, kweli. Walikuwa nalo pia la Martin Luther King.

Mzee wangu, Dorothy alikaa na wajamaa ujanani, akaupenda uchungu wao juu ya maskini, na alipobatizwa hakuuacha uchungu huo mlangoni. Mwaka 1933, watu wakiwa wamepanga foleni za mkate New York kwa sababu ya mdororo wa uchumi, yeye na Peter Maurin, Mfaransa mwenye asili ya shamba, walianzisha gazeti. Nakala 2,500, zikauzwa Union Square tarehe 1 Mei, sikukuu ya wafanyakazi, katikati ya wakomunisti wenyewe, senti moja kila nakala. Ndani yake mlikuwa na mafundisho ya mapapa juu ya haki ya mfanyakazi, yale yaliyoanza na Leo XIII mwaka 1891. Wakomunisti hawakufurahi sana, maana alikuwa anawachukulia wateja. Kisha watu wenye njaa wakaja kwenye ofisi ya gazeti, wakapewa kahawa na supu, na wengine wakalala hapohapo. Nyumba za ukarimu zilianza hivyo, hakuna aliyechora ramani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikataa vita yote, hata ile, na wasomaji wengi wakamkimbia. Mimi katika hilo sikubaliani naye. Siwezi kuona Hitler angezuiwa kwa supu. Unaona, mzee, mtu anaweza kumwombea atangazwe na bado akabishana naye. Papa Fransisko alipohutubia Bunge la Marekani tarehe 24 Septemba 2015, alitaja Wamarekani wanne tu: Lincoln, King, mtawa Thomas Merton, na huyu. Faili la FBI halikumzuia.

BARUA FUPI KUTOKA PANGANI

Shikamoo Bibi. Tarehe 29 Novemba ndiyo siku aliyofariki Dorothy Day, mwaka 1980. Je, tunaweza kuomba Misa ya sikukuu yake?

BIBI ANAJIBU

Marahaba. Sikukuu bado hana, kwa hiyo Misa ya sikukuu haipo. Lakini Misa ya kumwombea marehemu haina mgogoro, na tarehe hiyo mara nyingi huangukia mwanzoni mwa Majilio au mwisho wa mwaka wa Kanisa, mapadre wanakuwa na ratiba iliyobana, hivyo wahi. Nenda ofisini, toa sadaka ya nia kama kawaida, mwandikishe kwenye daftari pamoja na marehemu wengine wa wiki hiyo. Karani akiuliza ni wa ukoo gani, mwambie hana ukoo Pangani, jina ni Dorothy Day, na herufi ya mwisho ni y.